Mfuko wa Nyongo wa Bernadine Aho

Bernadine Aho hana mfuko wa nyongo. Najua kwa sababu mawe yaliyotolewa humo yamo kwenye chupa ndogo ya chakula cha mtoto, na chupa iko dirishani jikoni kwake, karibu na sabuni ya vyombo. Ukienda kunywa kahawa kwake lazima uonyeshwe. "Kumi na saba," husema, huku akiitikisa chupa, "na moja ni kubwa kama zabibu." Nimeyaona mawe yale mara nyingi kuliko nilivyowaona binamu zangu. Wiki aliyopasuliwa, mwaka 2009, mimi ndiye niliyempelekea bakuli la tambi na samaki wa kopo, lile la kuoka lenye viazi vya kukaanga juu, na mumewe alilila lote peke yake kwa kuwa Bernadine alikatazwa mafuta.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Februari ripoti yake ilipotokea kwenye kompyuta yangu, na nikasoma kwamba mfuko wake wa nyongo "una ukubwa wa kawaida, kuta zake ni nyembamba, hauna mawe," niliweka kikombe mezani.

Mimi ni mtu wa bili katika kliniki ya picha hapa Duluth. Madaktari wetu watatu husoma eksirei, ultrasaundi na CT, hutamka wanachokiona, na maneno yao hunifikia yakiwa yameshaandikwa. Mimi na LaVonne, anayekaa mkabala nami, tunayageuza maneno kuwa namba, namba zinakwenda bima, na bima inalipa au inakataa. Sheria yetu ya kwanza hata mtoto ataielewa: kisichoandikwa hakikufanyika. Daktari anaweza kuwa ameliangalia ini lako nusu saa nzima. Asipolitaja, kwangu mimi hujawahi kuwa na ini. Miaka ishirini na sita nimeilinda sheria hiyo kama mbwa wa getini. Hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya pale kilichoandikwa kinapokuwa hakipo.

Sikuruhusiwa kumpigia Bernadine simu, wala kumwuliza kanisani Jumapili, ingawa tunasimama bega kwa bega kwenye sauti ya pili ya kwaya. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Ninayoyajua kwa ujirani huyaacha nje ya mlango wa ofisi pamoja na viatu vya theluji. Lakini ripoti za zamani za kliniki yetu ninaruhusiwa kuzisoma, kama bili iliyo mbele yangu inazihitaji. Nikafungua CT yake ya mwaka 2014. Mstari wa nne ulisema: "Mfuko wa nyongo uliondolewa kwa upasuaji." Chini kulikuwa na sahihi ya Daktari Einar Stromme. Nikarudi kwenye ripoti ya siku ile. Chini kulikuwa na sahihi ya Daktari Einar Stromme.

Hapo nilisogeza kiti nyuma, na sababu nitaisema waziwazi. Mtu yule ndiye aliyeniokoa. Miaka minane iliyopita niliteleza kwenye barafu nje ya duka nikiwa na mifuko miwili ya vyakula, nikavunjika mbavu. Eksirei yangu ilipigwa hapahapa kazini. Swali alilopewa daktari lilikuwa mbavu tu: zimevunjika au hazijavunjika. Akaandika kwamba mbili zimevunjika, na hapo kazi yake ilikuwa imekwisha. Lakini akaongeza kwamba kuna doa la milimita tisa juu ya pafu la kushoto, lisilohusiana na kuanguka. Halafu hakuiamini karatasi. Alishuka ngazi akaja mpaka mezani kwangu, akavuta kiti, akaniambia kwa mdomo wake. Lilikuwa kansa, na ilitolewa ikiwa bado changa. Kila Aprili napigwa CT ya kifua, na kila Aprili yeye ndiye anayeisoma.

Na sasa jina la mtu huyo lilikuwa chini ya uongo, miezi miwili kabla ya kustaafu.

Lakini uongo ule niliutambua. Kila neno lake nilikuwa nalifahamu, kwa kuwa niliuandika mimi.

Ultrasaundi ya tumbo ina bei mbili. Ukiitwa uchunguzi kamili, lazima vitajwe vitu vinane: ini, mfuko wa nyongo, mrija wake, kongosho, bandama, figo, na ile mishipa miwili mikuu ya damu. Kikikosekana kimoja bila maelezo, bei inashuka. Daktari Stromme ni msomaji wa picha ambaye sijaona mfano wake, lakini alikuwa anasahau bandama. Kila siku bandama. Nilikuwa nampigia simu juu mara tatu kwa wiki. "Daktari, umesahau bandama tena." Naye ananijibu kwa sauti yake ileile ya pole, "Bandama iko pale pale ilipokuwa jana, Marlys."

Basi miaka minne iliyopita nikaona nimemaliza matatizo ya dunia. Nilikaa na fundi wa kompyuta, tukatengeneza kitufe. Ukikibonyeza, vitu vyote vinane vinajiandika vyenyewe, vizima, safi, na daktari anabadilisha palipo na tatizo tu. Madaktari wawili vijana walikipenda. Daktari Stromme alikikataa. Alisema hapendi kuwekewa maneno mdomoni. Nikamwandama wiki mbili nzima, nikamwonyesha hasara ya bandama kwa mwaka, mpaka akachoka akakubali. Mwisho wa mwaka nikapewa cheti chenye fremu. Bado kimetundikwa ukutani nyuma yangu, na asubuhi ile nilihisi kinanichungulia.

Nilifungua ripoti nyingine ishirini za Daktari Stromme. Maneno yaleyale, nukta zilezile.

LaVonne alisimama akaja kuchungulia kioo changu, maana ana pua ya kunusa shida. Nilimwonyesha. Alisoma zote mbili, ya 2014 na ya siku ile, akapuliza midomo.

"Mwambie aongeze mstari mmoja, yaishe," alisema. "'Mfuko uliondolewa.' Sekunde kumi."

"Na hizi nyingine?"

"Nyingine zipi? Mi sijaona nyingine."

"LaVonne."

"We Marlys, sikiliza. Mzee anaondoka Aprili. Keki imeshaagizwa. Unataka kumuaga kwa kesi badala ya saa ya zawadi?"

"Sijui ninachotaka."

"Tena ukweli wenyewe ungelipa vilevile. Ndicho kinachoniuma." Alirudi kwenye kiti chake. "Angesema tu hauko, bei ingebaki ileile."

Na kweli. Kiungo kilichotolewa, ukieleza kwamba kimetolewa, kinahesabiwa kuwa kimetajwa. Bernadine alikuwa na haki ya uchunguzi kamili bila nyongo yoyote. Lakini wengine je? Wale ambao fundi wa ultrasaundi hakupiga hata picha moja ya kongosho, na kitufe changu kikasema kongosho ni zima? Hizo zilikuwa bili za uongo kwa bima ya serikali kwa wazee, na bili ya uongo iliyojulikana ikanyamaziwa ina faini ya zaidi ya dola elfu kumi. Siyo kwa zote pamoja. Kwa kila moja. Na daktari anayenyamazia anaweza kupoteza leseni, na jina lake kutangazwa ili kila mtu asome.

Nilikula chakula cha mchana bila kujua nakula nini. Mawazo yalikuwa mawili yanayovutana nywele. Moja lilisema shukrani ya punda ni mateke, na punda hapa ni wewe, Marlys Koskela, unayetaka kumtia aibu aliyekupa miaka minane ya maisha. Jingine lilisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo mimi nilikuwa na kovu la kulithibitisha. Nilinyanyuka nikaenda kwa Pa Houa Vang.

Pa Houa ndiye afisa wetu wa kanuni, anayeangalia kama tunafuata sheria. Ana miaka thelathini na nne, alizaliwa St. Paul kwa wazazi waliotoka Laos, na ana sura ambayo haikuambii lolote mpaka amalize kufikiri. Watu wanamwogopa kidogo. Nami nilikuwa namwogopa kidogo. Alizisoma ripoti mbili, akatoa daftari.

"Umebadilisha chochote?"

"Hapana."

"Umemwambia nani?"

"LaVonne kaona. Daktari hajui."

"Nani alitengeneza hicho kitufe?"

"Mimi."

Aliinua macho. Kalamu yake haikuandika.

"Andika," nikamwambia. "Ndiyo kazi yako."

"Nitaandika," alisema. "Lakini kwanza kaa chini. Umesimama kama mtu anayengoja basi."

Nikakaa. Alinieleza taratibu kama nisiyejua, na nilimshukuru kwa hilo, maana kichwa changu kilikuwa kimesimama. Tutahesabu. Tutarudisha kilichozidi. Tukishajua kiasi, tuna siku sitini. Anayejisema mwenyewe na kurudisha mapema huwa anaachwa aende na njia yake. Anayengoja kukutwa ndiye anayekiona cha moto. Lakini hakuniahidi kitu.

"Na daktari?" niliuliza.

"Daktari inategemea daktari. Nikimwambia, akasema ni kosa la kompyuta, au kosa la watu wa bili, tutakuwa na vita. Akikubali, tutakuwa na kazi."

"Naomba niwepo ukimwambia."

"Kwa nini? Anaweza kukurushia wewe lawama mbele yangu."

"Ndiyo maana naomba niwepo."

Usiku ule nilioka keki bapa za limau. Kwetu huku hatuleti habari mbaya mikono mitupu.

Tulikutana naye Jumanne saa nne asubuhi, kwenye chumba kidogo cha mikutano. Aliingia na sweta yake ya kijivu yenye kiraka kiwikoni, mrefu, amepinda kidogo mabegani kwa miaka arobaini ya kuinamia picha gizani. Aliitazama sahani.

"Marlys akioka siku ya Jumanne, kuna mtu kafa," alisema. "Nani?"

"Hajafa mtu, Daktari," nikasema. "Ila kuna mfuko wa nyongo umefufuka."

Alicheka. Halafu akaona Pa Houa hacheki, akavuta kiti.

Pa Houa alimwekea karatasi mbili mbele, ya 2014 na ya Februari. Alizisoma kama anavyosoma picha, bila haraka, macho yakitoka juu kushuka chini. Alipomaliza alizisoma tena. Mimi nilikuwa naangalia mikono yake. Ilikuwa imetulia juu ya meza.

"Niliona haupo," alisema hatimaye. "Nakumbuka. Daktari aliyemtuma kwetu aliuliza kuhusu jiwe la figo, nikaliona jiwe la figo, upande wa kulia. Nikaona na vibano vya upasuaji pale ulipokuwa mfuko. Niliona haupo, halafu nikabonyeza."

"Mara ngapi, Daktari?" aliuliza Pa Houa.

"Kila siku. Vijana wanafuta mistari isiyohusu, nimewaona. Mimi husema kibaya nilichokiona, nabonyeza, natia sahihi. Ripoti zimekuwa ndefu, siku hizi sizisomi tena."

Nilishindwa kuvumilia. "Kitufe nilitengeneza mimi," nikasema, na maneno yakatoka yakikanyagana. "Daktari alikataa. Mimi nilimwandama wiki mbili. Kama kuna barua inaandikwa kwa serikali, iseme hivyo, na jina langu litangulie."

Daktari Stromme alinisukumia ripoti ya Februari.

"Jina lako liko wapi hapa? Nionyeshe."

"Halipo."

"Tafuta vizuri."

"Halipo, Daktari."

"Na kisichoandikwa?"

Pa Houa alitazama daftari lake. Ilikuwa sheria yangu mwenyewe, niliyompigia nayo kelele kwenye simu robo karne.

"Hakikufanyika," nikasema.

"Haya. Sahihi ni ya nani?"

"Yako."

"Ni yangu." Alizikunja karatasi zote mbili akazitia mfukoni mwa sweta. "Marlys, mwaka ule nilikuja mezani kwako na habari mbaya ambayo hakuna aliyeniuliza. Uliniambia nini?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekaa na mbavu zimefungwa, na jambo pekee lililonijia mdomoni lilikuwa ndilo nililofundishwa utotoni kusema mtu akikupa kitu.

"Nilikwambia asante."

"Basi," alisema, "asante."

Tulikuwa tumekula keki huku tukiongea, na sahani ilikuwa imebaki na kipande kimoja. Asiyekaa huku hajui uzito wa jambo hilo. Kipande cha mwisho hakichukuliwi na mtu. Kinakatwa nusu, nusu inakatwa nusu, mpaka kinabaki chembe ya aibu ambayo mama mwenye nyumba ataila peke yake akiosha vyombo. Daktari Stromme alikichukua kizima akala, makombo yakidondoka kwenye sweta. Hata Pa Houa alitoa macho.

"Ni kizuri," alisema Daktari. "Tunaanza lini?"

Pa Houa alikuwa ameandaa mpango wa busara: ripoti za ultrasaundi kamili za miaka minne zilikuwa mia sita na kumi na mbili, tutachukua hamsini bila kuchagua, tutapima makosa, tutakadiria nyingine. Inaruhusiwa. Daktari Stromme alikataa. Alisema mia sita na kumi na mbili ni watu mia sita na kumi na wawili, na yeye hakukadiria mtu maishani mwake, hataanza akiwa na miaka sabini na moja. Angeziangalia zote. Picha zipo kwenye hifadhi, alisema. Picha ndizo shahidi.

Ndivyo ulivyokwenda mwezi wa Machi. Alikuwa anakuja saa moja asubuhi, kabla ya zamu yake, akiwa amekung'uta theluji na kuacha viatu mlangoni, anapita mezani kwangu na soksi za sufi, anapanda kwenye chumba chake cha giza. Huko anafungua mgonjwa mmoja, anapitia picha yake ya kwanza mpaka ya mwisho, na kutamka upya anachokiona na asichokiona. Kila nyongeza ilianza kwa sentensi moja ambayo Pa Houa alitaka kuilainisha na Daktari akakataa: "Ripoti ya kwanza ilijazwa na kitufe, hii nimeiangalia." Saa mbili na nusu nyongeza za siku hiyo zinanishukia, nami nazipitia moja moja, namba ya zamani na namba mpya.

Sijawahi kuipenda kazi yangu kama mwezi ule. Nasema kweli. Miaka yote nilikuwa nasoma maneno yake nikitafuta kilichosahaulika, kama mkwe mbaya anayepitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Sasa nilikuwa namsikia mtu akitazama. "Kongosho limefunikwa na hewa ya utumbo, halionekani." "Figo ya kushoto haikupigwa picha." Watu wawili alikuta kwao vijambo vidogo vya kufuatiliwa, akawapigia madaktari wao simu siku ileile. Vilikuwa vidogo kweli, lakini alipiga.

Na bandama hakuisahau hata mara moja. Nilikuwa nahesabu.

Zilipokwisha, mia tano na sabini na moja hazikubadilika malipo. Ukweli ungelipa vilevile, kama LaVonne alivyosema. Arobaini na moja zilishuka. Tofauti yote ilikuwa dola elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Bei ya jokofu zuri. Pa Houa aliandika barua, Daktari akatia sahihi, hundi ikatoka, na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, kwa sababu sasa walijua, na wangeweza kuamua kumla mzima. Wiki mbili nilikuwa wa kwanza kufungua kila bahasha ya ofisi.

Jibu lilikuja katikati ya Aprili. Lilikuwa na mistari minne. Walisema wamepokea malipo, wamepokea maelezo, na hawana zaidi. Pa Houa alilileta mwenyewe mezani kwangu akaliweka juu ya kibodi.

"Wamemwacha?" niliuliza.

"Wamemwacha."

Nilimkumbatia. Sisi si watu wa kukumbatiana ofisini, na Pa Houa si mtu wa kukumbatiwa popote, lakini alisimama akavumilia. Kisha akanipigapiga mgongoni mara mbili, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake, na nilimshukuru kwa hayo pia.

Kitufe nilikifuta kwa mkono wangu. Mahali pake niliweka majina manane yenye nafasi tupu mbele yake, na ripoti haikubali sahihi mpaka kila nafasi ijazwe na mtu. Cheti nilikitundua. Fremu ilikuwa nzuri, nikaweka picha ya mbwa.

Ilibaki wiki ya mwisho ya Daktari, na ilibaki CT yangu. Nilipigwa Alhamisi asubuhi, nikavaa blauzi yangu, nikarudi kazini. Saa tisa alasiri jina langu lilitokea kwenye foleni ya ripoti, kati ya goti la mtu na bega la mtu. KOSKELA, MARLYS. Kifua. Msomaji: Stromme.

Huruhusiwi kugusa faili yako. Si kwa bili, si kwa macho. Nimeona mwanamke akifukuzwa kazi kwa kufungua ya mtoto wake. Niliondoa mkono kwenye kipanya nikaukalia.

"Hiyo ni yako," alisema LaVonne kutoka upande wa pili. "Iache hapo, naichukua mimi."

Aliifungua. Nilimtazama uso, na uso wake ulikuwa kama mlango wa benki Jumapili. Aliweka namba, akaituma. Kisha akatafuta kitambaa kwenye droo, akapenga kamasi kwa kelele.

"Mafua," alisema.

"Ya Aprili?"

"Niache, Marlys."

Kama mgonjwa yeyote ningeweza kuisoma kwa simu jioni ileile. Lakini mimi ni mtu wa karatasi, huomba iletwe na posta, na nitasema na hili: sikuwa na hofu. Daktari hakuja mezani kwangu. Kama kungekuwa na kitu, angeshuka zile ngazi.

Kesho yake tulikata keki. Watu walisema maneno, madaktari vijana wakampa kasia la mtumbwi lenye jina lake, maana anakwenda kukaa kwenye kibanda chake kaskazini. Alizunguka akimpa kila mtu mkono. Aliponifikia, nilikuwa nimeandaa maneno miaka minane, lakini yeye akaniwahi.

"Umepata barua?" aliuliza.

"Bado."

"Posta ya siku hizi," alisema, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na akaenda kwa mtu mwingine.

Barua ilifika Jumamosi. Theluji ya mwisho ilikuwa inaanguka, ile nzito yenye maji. Niliichana nikiwa ndani ya mlango, kabla ya kuvua koti. Ripoti za CT ya kifua kwetu huwa ni nusu ukurasa. Hii ilikuwa kurasa mbili, na hakukuwa na sentensi hata moja niliyoifahamu. Kila moja ilikuwa imetamkwa upya kwa ajili yangu. Kovu la upasuaji juu ya pafu la kushoto, safi, halijabadilika. Mbavu mbili za kushoto, zilizovunjika zamani, zimeunga vizuri. Moyo, ukubwa wake. Mshipa mkuu, upana wake. Halafu, kwa kuwa picha ya kifua hunasa pia sehemu ya juu ya tumbo, na hakuna bima wala sheria inayomdai daktari zaidi ya neno moja hapo, alikuwa ameshuka mpaka chini kabisa. Ini. Mfuko wa nyongo, upo. Na mstari wa mwisho kabla ya sahihi:

"Bandama iko pale pale ilipokuwa mwaka jana. Nimeiangalia mwenyewe."

Nilisema asante kwa sauti, jikoni, peke yangu. Nilibaki nimesimama hapo na viatu vya theluji miguuni, maji yakisambaa kwenye sakafu ambayo hakuna mtu ninayemruhusu kuikanyaga na viatu.